Shanga Zilizotungwa na Bahari

Kijiwe chenyewe mara nyingi hakizidi punje ya dengu. Kikikua sana hufikia kifungo cha koti. Ni cha mviringo, bapa kama sarafu, rangi yake ya majivu, na katikati kina tundu. Mwekee kiganjani mtu yeyote wa pwani, la kwanza atakalosema ni kwamba huo ni ushanga, na la pili atauliza umekatika katika tasbihi ya nani. Wala hatakuwa amesema jambo geni, kwa kuwa watu wa nchi za mbali, wasiotujua wala tusiowajua, nao waliviita vijiwe hivi shanga tangu zamani.

Kaskazini-mashariki mwa Uingereza, katika pwani ya Northumberland, kipo kisiwa kidogo kiitwacho Lindisfarne. Maji yakipwa, mtu huenda kwa miguu au kwa gari mpaka kisiwani. Yakijaa, njia hufunikwa, na hayo hutokea mara mbili kila siku kama ilivyo desturi ya bahari. Mgeni asiyejua hesabu ya maji hukwama hukohuko akangoja. Kisiwani hapo waliishi watawa wa Kikristo, na mmoja wao, jina lake Cuthbert, alifariki mwaka 687, yapata miaka 55 baada ya kufa kwake Mtume wetu (S.A.W.). Watu wake walimheshimu kama sisi tunavyowaheshimu mawalii. Ufukweni mwa kisiwa hicho huokotwa vijiwe hivi vyenye tundu, na wenyeji huviita shanga za Mtakatifu Cuthbert. Husimuliwa kwamba zilitungwa uzini zikawa rozari, ambayo ndiyo tasbihi yao. Mwanachuoni wa Kiingereza, John Ray, alizitaja kwa jina hilo alipozuru huko mwaka 1671, na mwaka 1808 mshairi Walter Scott akaitia katika utenzi wake mrefu wa Marmion hadithi ya wavuvi, ya kwamba walii huyo huketi mwambani usiku akizifua shanga zake mwenyewe.

Wajerumani nao walikuwa na lao: kwao hizi ni senti za Mtakatifu Bonifasi. Huko Marekani watu wa mashambani huziita shanga za Wahindi Wekundu. Kila kabila limeokota kijiwe kilekile likakipa mwenyewe wa kukimiliki.

Mimi niliyelelewa na bakora ya mwalimu wa chuo siwezi kuipita habari ya Lindisfarne bila kuuliza sanadi yake. Cuthbert alikufa 687, Ray akaandika 1671. Kati yao pana miaka 984. Hadithi iliyoruka pengo la namna hiyo, hata akiisimulia malenga mkubwa kama Scott, itabaki kuwa hadithi ya barazani, tamu masikioni, dhaifu mizanini. Nalitaja hili la sanadi mapema kwa sababu nitalirudia. Katika uraibu huu wa kuokota na kutambua mawe ya kale, sanadi ndiyo impambanuayo mwenye kujua na mwenye kukusanya mapambo ya kabatini.

Basi vijiwe hivi ni nini hasa? Ni vipande vya kiunzi cha mnyama wa baharini aliyegeuka jiwe, yaani ni visukuku. Mnyama mwenyewe wataalamu humwita krinoidi. Ni ndugu wa kiti cha pweza na wa jongoo wa pwani, na wa yule mwenye miiba mirefu myeusi awachomaye wavuvi miguuni. Jina hilo alilitoa Johann Samuel Miller katika kitabu chake kilichochapwa mjini Bristol mwaka 1821, akilitwaa katika neno la Kiyunani lenye maana ya ua la yungiyungi. Nasi kwa lugha yetu tunaweza kumwita yungiyungi la bahari bila ya kumdhulumu. Ukimwona mzima ungeapa kuwa ni mmea: chini ana mfano wa mizizi imshikayo sakafuni mwa bahari, kisha shina refu, juu ya shina kikombe, na kutoka katika kikombe hupanda mikono iliyojaa vinyoya, ameikunjua mkondoni akinasa chembe za chakula zipitazo. Lakini ni mnyama, mwenye kinywa na utumbo.

Shina lake ndilo linalotuhusu zaidi. Limeundwa kwa pingili, kama muwa, ila pingili zake ni fupi mno, zimepangwa moja juu ya nyingine kama sarafu za muuza duka, na tundu limepita katikati yao tangu juu hadi chini. Madhali yu hai, pingili hizo hushikwa pamoja kwa mishipa na nyama laini. Akifa, nyama huoza, na kwa muda wa siku chache tu shina lote huachana. Mawimbi na mikondo hufanya kazi iliyobaki. Mnyama mmoja huacha nyuma yake mamia ya vipande, na ndiyo maana pingili ni nyingi kama kokoto na kikombe kizima ni adimu kama lulu. Ili apatikane mzima, na mikono yake na vinyoya vyake, lazima awe alifunikwa na tope kwa ghafula, kabla ya kuoza.

Wajuzi wanahesabu kwamba viumbe hawa walianza kuonekana yapata miaka milioni 480 iliyopita. Zile shanga za Lindisfarne ni za zama ziitwazo Kaboniferasi, umri wake kiasi cha miaka milioni 330. Katika zama hizo walikuwa wengi hata masalio yao yakawa ndiyo mwamba wenyewe. Huko Burlington katika jimbo la Iowa nchini Marekani, na kwenda chini mpaka Missouri, yako matabaka mazito ya mawe ya chokaa ambayo sehemu kubwa yake ni pingili na vikombe vilivyovunjika. Missouri ilimfanya krinoidi kuwa kisukuku rasmi cha jimbo mwaka 1989. Derbyshire, Uingereza, jiwe la namna hiyo hukatwa na kung'arishwa likawekwa sakafuni na kutani mwa majumba ya fahari, na mtu hukanyaga kiwiliwili cha mnyama kwa kiatu chake akienda zake. Sisi wa Mombasa na Lamu tusishangae: nyumba zetu, misikiti yetu na Ngome ya Yesu yenyewe ni matumbawe, nayo matumbawe ni kazi ya wanyama.

Jinsi ya kuwatafuta si siri. Penye mawe ya chokaa ya kale yaliyokatwa na mto, na barabara, au na wachimbaji, hapo ndipo pa kuanzia. Mvua kubwa ikinyesha, mwokotaji hufurahi kama mkulima, maana maji huosha udongo na kuviacha vipande vimetokeza juu. Wengi hutoka asubuhi au jioni, jua likiwa chini, kwa kuwa mwanga wa ubavuni hukipa kila kijiwe kivuli chake. Vyombo ni vichache: kioo cha kukuzia mara kumi kilichotungikwa shingoni, nyundo na patasi kwa mahali paruhusiwapo, miwani ya kukinga macho, magazeti ya jana ya kufungia, kalamu na daftari. Mwenye pupa hutembea haraka akiangaza mbali. Anayepata ni yule apigaye magoti, akachagua kipande cha ardhi kisichozidi mkeka wa kuswalia, na asiondoke mpaka amekisoma chote.

Katika ufuko wa Charmouth, kusini mwa Uingereza, hutafutwa krinoidi wa aina nyingine, Pentacrinites, wa zama za Jurasi, yapata miaka milioni 190 na kitu. Pingili yake si ya mviringo bali ina pembe tano, nyota kamili. Mara nyingi amevikwa madini ya rangi ya shaba yanayong'aa, hata mtu hudhani ameokota kipande cha mkufu. Mary Anning wa Lyme Regis, mji wa jirani, binti maskini aliyeishi 1799 mpaka 1847 na kuwashinda macho mabwana wengi wenye shahada, aliwauza krinoidi hawa kwa wageni. Jambo la ajabu ni kwamba hupatikana wameshikamana na magogo yaliyogeuka kuwa makaa. William Buckland aliliandika jambo hilo mwaka 1836. Ilivyo ni kwamba hawakuota chini. Walijifunga kwenye magogo yaliyoelea baharini, wakaning'inia vichwa chini wakisafiri nayo kama abiria wasiolipa nauli, mpaka gogo lilipolemewa likazama nao wote. Huko Holzmaden, Ujerumani, jumba la makumbusho la Hauff limeonyesha ukutani bamba moja la jiwe lenye kundi zima la ndugu zao pamoja na gogo lao, urefu wake kiasi cha mita 18.

Charmouth ina kanuni yake, na naiona ni ya haki: kilicholegea ufukweni mtu anaweza kuokota, lakini kuchimba katika magenge haifai, na apataye kitu adimu anatakiwa akiandikishe ili wataalamu wajue kipo. Isitoshe magenge hayo hubomoka bila ya taarifa, na maji hujaa upesi yakamfungia mtu njia. Asiyejua bamvua na maji mafu asiende peke yake.

Sasa tuje kwenye kutambua, na hapa ndipo utamu ulipo.

La kwanza kuangaliwa ni uso wa pingili. Kwa kioo cha kukuzia utaona mistari myembamba iliyotawanyika kutoka katikati kwenda ukingoni, kama miale ya jua katika mchoro wa mtoto. Kazi yake ni kushikana: mistari ya pingili hii iliingia katika vifereji vya ile iliyo juu yake, shina lisiteleze. Halafu tazama tundu. Yako ya mviringo, yako yenye pembe tano, yako mengine madogo kama tundu la sindano, na mengi yamezibwa na tope lililogeuka jiwe. Kisha umbo la ukingo: duara, pembe tano, nyota, au duaradufu kama yai. Tano ndiyo hesabu ya ukoo huu, kama ilivyo kwa kiti cha pweza. Ukiona kitu kimegawanyika kwa sita au kwa nane, tafuta jina jingine.

Ya pili ni mmetemeto. Kila kipande cha kiunzi cha krinoidi, kiwe kidogo namna gani, ni fuwele moja ya madini yaitwayo kalsiti. Kwa hiyo kikivunjika huvunjika bapa, na ukikigeuzageuza juani uso wote wa mvunjiko humeta kwa mara moja kama kioo kidogo, kisha ukafa wote kwa mara moja. Matumbawe hayafanyi hivyo, wala chaza. Wazoefu hulitambua jiwe la krinoidi kwa mbali kwa mmetemeto huo, kabla hata ya kuona umbo lolote.

Wanaodanganya ni wengi. Yako matumbawe ya kale yenye umbo la pembe ya mbuzi, nayo yana mistari itokayo katikati. Lakini kwa matumbawe mistari hiyo ni kuta zinazoshuka ndani ya jiwe, na kwa krinoidi ni mikwaruzo ya juu tu. Yako magamba marefu yaliyonyooka ya ndugu wa kale wa pweza na ngisi, yaliyogawanyika vyumba vyumba, na mgeni huyaona kuwa shina. Atazame kizuizi baina ya chumba na chumba: kimebonyea kama kisahani, hali pingili ni tambarare. Derbyshire kuna kitu wachimbaji wa zamani walikiita skrubu, na kweli hufanana na msumari wa hesi uliotoka kiwandani. Hiyo si mashine ya majini. Ni tope gumu lililoingia katika tundu la shina na katika nafasi za kati ya pingili, kisha shina lenyewe likayeyuka, kikabaki kile kilichojaza utupu wake. Mwokotaji anashika mkononi umbo la mahali ambapo mnyama hakuwepo. Malenga wetu wangelifanyia kazi jambo hilo usiku kucha.

Mgeni pia hudhani pingili kubwa na pingili ndogo ni za wanyama wawili. Mara nyingi ni za shina moja, kwa kuwa zilipangwa kwa zamu, kubwa kisha ndogo, na mpya zilizaliwa kati ya za zamani shina lilipokuwa likirefuka. Nyingine kubavuni zina makovu ya mviringo: hapo ndipo zilipoota nywele ngumu za kushikia.

Baada ya hayo yote inapasa kusema ukweli ambao wauzaji hawapendi kuusema. Pingili peke yake, kwa kawaida, haimtaji mwenyewe. Itakwambia huyu ni krinoidi, pengine na zama zake, lakini jina kamili ni nadra. Wachache hujitangaza: yule wa nyota wa Charmouth, au Platycrinites, ambaye pingili zake ni duaradufu na shina lake limejisokota kama kamba ya ukindu. Waliobaki wanatambuliwa kwa kikombe. Hapo mtu huhesabu vigae vya kikombe kuanzia chini kwenda juu, duru kwa duru. Katika duru mojawapo viko vigae vitano vinavyobeba mikono mitano. Hivyo ndivyo nguzo. Chini yake pana duru moja au mbili za msingi, na idadi hiyo huwagawa katika koo kubwa. Kisha huangaliwa kigae cha ziada upande wa njia ya uchafu, kipo au hakipo, na kimeingia wapi. Ni kazi ya kuchosha macho, inafanana na kuhesabu mizani ya shairi lililonakiliwa na karani mlevi, na aipendaye haoni saa zikipita.

Kusafisha ni kwa maji, mswaki na subira. Siki au tindikali yoyote isisogezwe karibu, maana kisukuku na jiwe linalokizunguka vyote ni chokaa, na kilichokusudiwa kuondoa uchafu humla mgeni pamoja na nguo zake.

Sasa nirudi kwenye sanadi, na nimlete mtu mmoja aliyeijua thamani yake. Charles Wachsmuth alizaliwa Hanover, Ujerumani, mwaka 1829, akahamia Marekani mwaka 1852. Afya yake ilikuwa mbaya. Akakaa Burlington, Iowa, akafungua duka la vyakula, na daktari akamshauri atoke nje, apate hewa, aokote visukuku. Dawa gani hii! Akaanza kupanda na kushuka kandokando ya mto Mississippi akiokota krinoidi, na duka likawa ndilo la ziada. Alikusanya kwa uangalifu hata Louis Agassiz, bwana mkubwa wa elimu ya viumbe huko Harvard, akaununua mkusanyo wake kwa ajili ya jumba la makumbusho na kumwita mwenyewe akafanye kazi hapo. Agassiz alipofariki mwaka 1873, Wachsmuth aliondoka, akasafiri, kisha akarudi Burlington akaanza upya kama ambaye hajawahi kuwa na kitu.

Akapata mwenzake, wakili kijana aitwaye Frank Springer, aliyezaliwa Iowa mwaka 1848. Mmoja muuza duka, mmoja mtu wa mahakama, na wote wawili hawakuajiriwa na yeyote kuandika walichoandika. Kitabu chao kikubwa juu ya krinoidi wa Marekani ya Kaskazini kilitoka mwaka 1897, mwaka mmoja baada ya Wachsmuth kufa, na hata leo wanaofanya kazi hiyo hukifungua. Springer aliutoa mkusanyo wao kwa jumba la taifa la Smithsonian mjini Washington mwaka 1911.

Kilichoufanya mkusanyo huo uwe elimu si uzuri wa vikombe. Ni vijikaratasi. Mahali, machimbo, tabaka la mwamba. Kwa kuwa mnyama fulani huonekana katika tabaka hili na hayumo katika lile lililo juu yake, msomaji wa miamba huweza kujua nini kilikuja kabla na nini baada, ndugu gani walitoweka na gani walirithi bahari. Lakini ayajue hayo kwa jiwe ambalo limehifadhi neno la aliyelitoa. Ukikitenganisha kikombe na kijikaratasi chake, hata kiwe kizuri vipi, wanachuoni hawana la kufanya nacho. Tuliosoma kidogo tunafahamu: maneno ni yaleyale, lakini mpokezi akikatika, hukumu imekatika. Ndiyo maana mkusanyaji mwenye adabu huandika nambari ndogo kwa wino juu ya jiwe lenyewe, na nambari hiyohiyo daftarini, siku hiyohiyo, kabla ya chai. Kumbukumbu ya kichwani huondoka na mwenyewe, warithi wakabaki na sanduku la mawe mazuri yasiyotoka popote.

Uchungu wa jambo hili unaonekana sana Morocco. Katika nchi kavu ya kusini-mashariki, pande za Erfoud na Alnif, huchimbwa krinoidi wakubwa waitwao Scyphocrinites, wa miaka zaidi ya milioni 410, wanaotoka katika mwamba kama bustani iliyolala ubavuni. Mnyama huyu chini ya shina alikuwa na tufe lenye vyumba, na wataalamu wanasema huenda lilikuwa boya lake. Familia nyingi za huko hula kwa kazi hiyo ya nyundo na vumbi, na sina neno la kuwalaumu. Mtu wa jangwani huvuna alichojaliwa. Tatizo liko katika soko. Mnunuzi wa Ulaya au Marekani ataka bamba zuri la ukutani, basi hupewa: vipande vya mawe matatu huungwa kwa gundi kuwa moja, mkono uliokosekana huchongwa, rangi hupakwa juu. Anayeuliza limetoka kilima gani na tabaka gani hapati jibu, kwa sababu limepita mikono sita na hakuna aliyeandika. Vitu vya kweli na vya kughushi vimechanganyika, na kile cha kweli kimepoteza ushahidi wake sawasawa na cha uongo. Apendaye kununua atumie kioo chake: mshono wa gundi haumeti, na mkono uliochongwa hauna vigae.

Sheria za nchi hazifanani. Marekani, katika ardhi za serikali zilizo chini ya idara ya usimamizi wa ardhi, raia huruhusiwa kuokota kwa kiasi visukuku vya kawaida vya wanyama wasio na uti wa mgongo, kwa matumizi yake mwenyewe, si kwa biashara. Katika mbuga za taifa haruhusiwi hata kimoja, na shambani mwa mtu ni kwa idhini ya mwenyewe. Kwetu Kenya mlango umefungwa zaidi. Kwa sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006, kutafuta visukuku, hata kwa kuokota juu ya ardhi tu, kwataka leseni, na kuvitoa nje ya nchi kwataka kibali. Kijana wa Kaloleni au Mazeras asome haya kabla hajachukua nyundo. Ni kweli nyuma ya Mombasa kuna miamba ya zama za Jurasi, yale mawe ya chokaa ya Kambe na ule mwamba laini wenye amonaiti, wale wenye magamba yaliyojiviringa kama pembe ya kondoo. Ni kweli pia kwamba anaweza kuona kitu. Akikiona, akiache kilipo, apige picha akiweka sarafu kando yake ionyeshe ukubwa, aandike mahali, apeleke habari kwa watu wa makumbusho pale Ngome ya Yesu. Kuhusu matumbawe ya kisiwani Mombasa kwenyewe, asijisumbue kutafuta mayungiyungi ya zamani. Umri wa mwamba huo huhesabiwa kwa malaki ya miaka, si kwa mamilioni.

Ila kuna jambo ambalo mwokotaji wa Iowa, aliye mbali sana na bahari, angetuonea kijicho kwalo. Kwa muda mrefu wanachuoni walidhani yungiyungi la bahari lenye shina limekwisha duniani. Mwaka 1755 mmoja alifika Paris akitokea kisiwa cha Martinique, akiwa mkavu, na Guettard akamtambua kuwa ni jamaa wa yale mawe. Mwaka 1823 daktari wa jeshi, John Vaughan Thompson, alivua karibu na Cork, Ireland, kiumbe kidogo mno chenye shina. Baada ya miaka kumi na kitu akafahamu kuwa ni mtoto wa mnyama mwingine ajulikanaye, nyota mwenye vinyoya, ambaye akikua hukata shina lake na kwenda huru. Kisha mwaka 1864 Georg Ossian Sars akatoa katika kina cha pima 300 huko Lofoten, Norway, krinoidi mwenye shina aliye hai, na habari hiyo ikawa mojawapo ya sababu za Waingereza kuipeleka meli ya Challenger kupekua vilindi vya dunia kuanzia mwaka 1872. Leo wanajulikana aina zaidi ya 600 walio hai. Wenye shina wamerudi vilindini. Wasio na shina wako katika miamba ya bahari ya joto, na bahari yetu ni mojawapo.

Mchana hutamwona kwa urahisi. Wengi wao hujikunja nyufani mwa matumbawe, wakafanana na jani la mkoko lililonasa. Jua likitua, mnyama hutoka, akapanda mpaka ncha ya jiwe kwa vidole vyake vya chini, akaufungua mkono mmoja, kisha mwingine, kumi, ishirini au zaidi, weusi, wa manjano au wa hudhurungi, akiuelekea mkondo. Samaki akimkata mkono, huota mwingine. Wapiga mbizi wenye tochi humwona hivyo, naye katika hifadhi za Malindi na Watamu, zilizotangazwa mwaka 1968, hairuhusiwi kuguswa. Ukimkaribia utaona mkono wake umeundwa kwa vipande vifupi, kimoja juu ya kingine, kila kimoja kina mstari wake wa kushikana na mwenzake.